Mfungua Mwaka wa Nyumba ya Makvala

Shina lilianza kuubana msumeno. Domenti, akiwa amepiga magoti juu ya majani yaliyolowa, aliacha kuvuta, akaliegemea kwa bega na kulisukuma kidogo kuelekea upande wa mto hadi ufa ukafunguka. Kisha akaendelea kukata polepole, chini kabisa karibu na udongo, maana kisiki kirefu huoza, na kisiki kinachooza huwaambukiza wenzake. Shina lilipolala, maua ya mhazeli, ambayo huning'inia kama mikia midogo ya panya hata baridi ikiwa kali, yalitikisika yakatulia.

Alisimama, akakizunguka kichaka. Mhazeli, mti uzaao njugu za mviringo zenye ganda gumu, haukui kama mti wenye shina moja. Huchipua mashina mengi kutoka mzizi mmoja, kama ndugu waliokataa kugawana nyumba, na kazi ya anayepogoa ni kuamua nani abaki na nani aondoke. Wakongwe aliwatoa kwa msumeno. Machipukizi membamba ya pembeni aliyakata kwa mkasi, akaacha katikati pawe wazi ili jua lipate pa kuingilia. Yale yaliyonyooka bila kifundo hakuyatupa. Aliyafunga pamoja kwa kamba ya katani, kwa kuwa yangekaa darini mwaka mzima yakikauka, hadi yafae kuchunwa kwa kisu na kugeuka chichilaki: fimbo yenye nyuzi ndefu nyeupe za mti wake wenyewe zinazoning'inia, ambayo kila nyumba ya Guria, mkoa wao huko Georgia, huisimamisha Mwaka Mpya na kuiita ndevu za Mtakatifu Basili.

Keshokutwa ilikuwa Mwaka Mpya. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, si mvua ya kumkimbiza mtu, ila ya kumlowesha bila haraka.

Shamba lilikuwa la jirani yake Makvala. Tangu mume wa Makvala alipofariki, Domenti alilipogoa kila baridi ilipofika katikati, kwa malipo ya fungu lake la njugu na chakula cha mchana mezani kwa mjane huyo. Mwaka huu njugu hazikuwapo. Kunguni wa mimea, wale wanaonuka, walikuwa wamezifyonza zikiwa bado changa, za Makvala na za kila mtu, na sasa walikuwa wamejificha katika kuta za nyumba wakingoja joto. Hakuna aliyemlaumu mtu kwa kunguni. Chakula, hata hivyo, kilibaki, na hicho ndicho kilichomsumbua Domenti tangu mchana.

Makvala hakuwa amemwita ndani. Alikuja mwenyewe hadi shambani na kapu lililofunikwa kitambaa, akaliweka juu ya kisiki: mkate wa mahindi, maharage yenye kitunguu saumu, jibini, na chupa ndogo ya divai nyeusi. Alisema nyumba imevurugika, sakafu imeoshwa, asingependa Domenti akae kwenye ubaridi. Alisema hayo akilitazama kapu. Domenti alishukuru, akala amesimama, mvua ikidondoka kutoka ukingo wa kofia yake na kuingia kwenye maharage.

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwa miaka zaidi ya thelathini yeye ndiye aliyeufungua mwaka wa nyumba ile. Alfajiri ya Mwaka Mpya, kabla mtu mwingine hajakanyaga kizingiti, alibisha mlangoni akiwa na sinia la mkate na peremende mkononi na chichilaki begani. Kutoka ndani waliuliza analeta nini, naye akajibu kuwa analeta afya. Wakauliza tena, akajibu shibe. Wakauliza mara ya tatu, akajibu amani. Ndipo komeo liliposogea, naye akaingia kwa mguu wa kulia, akarusha peremende sakafuni na kuwaombea alama ya mguu wake iwe ya malaika. Mwaka ule ukiwa mzuri, ulikuwa mzuri kwa sababu ya mguu wake. Tamazi, mwana wa Makvala, alizaliwa mwaka ambao Domenti aliufungua. Ng'ombe alizaa mapacha. Mume alirudi salama kutoka jeshini. Mambo hayo yote Makvala aliyaweka juu ya mguu wa Domenti, naye Domenti aliinamisha kichwa kila aliposifiwa. Hakuwahi kukanusha. Nyumba nyingine tatu nazo zilimwomba, akawaambia mguu ni mmoja.

Mwaka huu uliokuwa ukiisha, mguu uliteleza. Kizingiti kilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Sinia liliruka, mkate ukabingirika hadi chini ya meza, chichilaki ikavunjika katikati. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Mwezi wa pili mimba ya Nargiza, mke wa Tamazi, ilitoka. Hapo watu wakakumbuka sinia.

Domenti alilifikiria jambo hilo kwa utaratibu, jinsi alivyofikiria kila kitu. Kama aliupokea wema wa miaka thelathini, angewezaje kuukataa ubaya wa mwaka mmoja? Mtu hawezi kuvuna upande wa kushoto wa shamba na kusema wa kulia si wake.

Alikuwa ameanza kichaka kingine aliposikia kikohozi nyuma ya ua wa miiba. Bichiko, mwenye kinu cha kusaga mahindi, alikuwa amesimama njiani akiwa na mwana nguruwe ndani ya gunia begani. Bichiko alikuwa mtu wa bahati. Kila mtu alijua hivyo. Mvua ya mawe ya mwezi wa tano ilipiga mashamba ya kushoto na ya kulia kwake, ikaliruka lake.

"Unainyoa hiyo mihazeli au unaichinja?" Bichiko aliuliza.

"Inategemea ni nani anayetazama," Domenti alisema.

Walizungumza kidogo juu ya nguruwe, aliyekuwa akilia ndani ya gunia kama mtu anayepinga hukumu. Bichiko alisema mnyama huyo ana akili kuliko mkwe wake, kwani yeye angalau analijua gunia akiliona. Kisha, bado akicheka, akasema kwamba mke wake amemwamuru aoshe miguu vizuri keshokutwa, mpaka kwenye kucha, kwa kuwa Makvala ni mwanamke msafi na hatapenda mfungua mwaka mwenye matope.

Alipoona uso wa Domenti, kicheko chake kilipungua nguvu, kikakoma.

"Hawajakuambia?"

Domenti alisema sasa ameambiwa.

Bichiko alilihamisha gunia kutoka bega moja kwenda jingine. Alisema yeye hakuomba. Alisema ni Makvala aliyemwendea kinuni, na kwamba mtu hawezi kumkatalia mjane jambo la namna hiyo, wewe mwenyewe unajua, ndugu yangu. Domenti alisema anajua. Alisema pia kwamba mlango ule ni mfupi, na mtu mrefu kama Bichiko ainame asije akajigonga. Alimaanisha hivyo kweli. Bichiko alimtazama kitambo, akitafuta tusi ndani ya maneno hayo, asilione, akaondoka na nguruwe wake.

Domenti alirudi kwenye kazi. Alikata machipukizi mawili aliyopaswa kuyaacha, akayatazama mkononi, akayatupa.

Nargiza alikuja baadaye, amebeba kapu la majani makavu ya kufunika kitunguu saumu kilichopandwa pembeni mwa shamba. Alikuwa amevaa koti la mume wake, ambalo vifungo vyake havikukutana tena juu ya tumbo. Tamazi alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na alitarajiwa kufika kesho jioni. Nargiza aliyatandaza majani juu ya matuta, akayakandamiza kwa mguu ili upepo usiyachukue, kisha akaja aliko Domenti na kusimama karibu na lile kapu la chakula.

"Mjomba Domenti, mbona hukuja kula ndani?"

"Mama mkwe wako ameosha sakafu."

"Sakafu aliosha jana."

Domenti aliupangusa msumeno kwa kitambaa chenye mafuta, ingawa haukuhitaji kupanguswa. Nargiza alimweleza anayoyajua: kwamba Bichiko ameombwa, kwamba Tamazi alipopigiwa simu alisema mambo ya mlango ni ya mama yake, na kwamba yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

"Nataka uje wewe," alisema.

"Binti yangu, unajua wanachosema."

"Najua. Nilikuwa kitandani siku zile, na ukuta wa nyumba ile ni mbao."

Domenti alimwambia kile alichokuwa amejiambia siku nyingi. Alisema hajui. Kwa miaka yote hiyo waliposema ni mguu wake hakuwakatalia, kwa sababu ilimpendeza, na sasa hawezi kugeuka na kusema kwamba mguu ni mguu tu. Huenda ni hivyo. Huenda si hivyo. Alisema ana miaka sitini na kitu na hajawahi kumwona mtu aliyejua kwa hakika.

Nargiza alimsikiliza hadi mwisho. Mvua ilikuwa imekusanyika kwenye nyusi zake.

"Waliokuona ukiteleza waliona kuteleza," alisema. "Mimi niliona mkate unakimbia kwenda chini ya meza, na wewe unaufuata kwa magoti, kofia bado kichwani, ukiuomba radhi mkate. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu siku ile sijacheka ndani ya nyumba ile, mjomba. Hata mara moja."

Domenti alisema hakumbuki kuuomba radhi mkate.

"Uliuomba. Ulisema, 'Nisamehe, bibi.'" Mdomo wake ulitaka kutabasamu, ukaacha. "Bichiko ataingia kama mtu aliyekuja kukagua paa. Nitapeana naye mkono, nitakaa chini, nitaanza kungoja. Mwaka mzima nitangoja. Sitaki mwaka wa mtoto huyu uanze hivyo."

"Na kama likitokea jambo?"

Aliweka mkono mahali koti lilipoachana.

"Likitokea, litatokea tukiwa tumecheka kwanza."

Domenti alimwambia kwamba mlango si wa Nargiza, ni wa Makvala. Nargiza akajibu kwamba komeo halijui jina la mtu, na mkono wake nao unaweza kulisogeza. Kisha akachukua kapu tupu la majani na kwenda zake, akipita kwa uangalifu kati ya visiki vipya, na kila alipopita tawi lililoinama alilinyanyua kwa mkono badala ya kulisukuma.

Domenti alipogoa hadi mwanga ukaanza kupungua. Zilibaki safu mbili tu, za karibu na nyumba. Alikusanya vifaa vyake, akayafunga matawi ya kuni mafungu mafungu, na alipoinuka Makvala alikuwa pale, amejifunga shali nyeusi, mkono wake kwenye kapu la chakula kana kwamba amelifuata hilo tu.

"Alikuja kukuomba," Makvala alisema.

"Alikuja na majani ya kufunika kitunguu saumu."

"Domenti."

"Aliniomba," akakubali.

Makvala alitazama visiki. Alisema kazi ni nzuri. Alisema mwaka ujao, Mungu akipenda na kunguni wakikubali, jua litafika chini. Domenti alimwacha afike kwenye neno lake kwa njia yake, kama mtu anayemsubiri mwenzake avuke mto kwa kukanyaga mawe.

"Usije," Makvala alisema hatimaye. "Nimeshindwa kukuambia tangu asubuhi. Nimekulisha kwenye mvua kama mtu wa njiani, kwa sababu nilijua ukikaa mezani pangu nitashindwa kabisa. Ukibisha keshokutwa nitafungua. Mkono wangu utakwenda wenyewe, umezoea. Ndiyo maana nakuomba usibishe."

Domenti alikaza kamba ya fungu la kuni.

"Kizingiti nilikiosha mimi," Makvala aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Usiku ule. Nilitaka kiwe safi. Maji yakaganda. Sijamwambia mtu."

"Maji huganda, Makvala."

"Wewe unasema hivyo. Watu hawatasema maji, wala hawatanitaja mimi. Likitokea tena watasema Domenti, na safari hii hawatanyamaza baada ya miezi miwili. Mkeo atashindwa kukaa kanisani." Aliokota tawi dogo, akalivunja vipande vipande. "Mtoto yule ni kitu pekee ninachokiomba. Sina ombi jingine."

Domenti alimtazama. Hakuweza kujua kama Makvala anamlinda yeye dhidi ya kijiji, au anailinda nyumba dhidi ya Domenti, na aliona inawezekana kwamba Makvala mwenyewe hajui. Hakumchukia. Angekuwa na mkwe mjamzito, na jirani aliyewahi kuangusha mkate mlangoni, labda naye angeosha sakafu siku mbili mfululizo.

"Basi ndani ya nyumba moja kuna midomo miwili," alisema.

"Miwili," Makvala alikubali. "Na sote tunakupenda, huo ndio ubaya wenyewe."

Alichukua kapu. Alipofika kwenye kona ya nyumba aligeuka akauliza, kwa sauti yake ya kawaida ya mwenye shamba, kama zile safu mbili atazimaliza kabla ya sikukuu. Domenti alisema kesho asubuhi.

Nyumbani, mke wake Ivlita alikuwa jikoni akichemsha asali kwa ajili ya peremende za kokwa za jozi, na harufu ilikuwa imefika hadi barazani. Domenti hakuingia. Alikuwa amelowa, na alitaka kufanya kazi kidogo kwanza. Alikoka makaa katika karai la bati, akaleta kutoka darini fimbo zilizokatwa baridi iliyopita, akazilaza juu ya magoti yake na kuzichagua moja moja. Fupi mbili za majirani wa bondeni. Moja ya kanisa. Kisha akakaa muda mrefu na fimbo moja ndefu, ndefu kuliko zote, akiigeuza mkononi. Katika kijiji kile, nyumba yenye dari ya juu kiasi cha kuipokea fimbo kama ile ilikuwa moja tu.

Aliishika juu ya makaa hadi ikapata joto. Akaanza kuichuna: kisu kiliteremka kutoka juu, chepesi, kikaacha nyuma yake uzi mwembamba kama ganda la kitunguu, kikasimama upana wa kidole kabla ya mwisho ili uzi usikatike. Akageuza. Akateremsha tena. Nyuzi zilijikunja zenyewe kwa joto, nyeupe, zikaanza kufanana na ndevu za mzee aliyetoka kuoga.

Ivlita alifungua dirisha.

"Hiyo ndefu ya nani?"

Domenti aligeuza fimbo. Ivlita alikuwa amekwisha kusikia; mke wa Bichiko hakuwa mtu wa kukaa na habari hadi zipoe.

"Mwaka huu wetu sisi pia uliufungua wewe," alisema. "Mimi niko hai. Na ulimi wangu uko hai. Ukitaka kuhesabu hiyo kuwa balaa, ni juu yako."

"Kuku mweupe alikufa."

"Kuku mweupe alikuwa na umri wa kukuzaa wewe."

Domenti alitabasamu licha ya yote. Akamwambia, kwa kifupi, alichoambiwa na Nargiza na alichoambiwa na Makvala. Ivlita alisikiliza akiwa ameegemea dirisha, kijiko kikidondosha asali kwenye mbao. Domenti alimuuliza ingekuwa yeye angefanyaje.

"Ningepitia dirishani," Ivlita alisema. Kisha akaacha mzaha. Alimtazama mume wake na ile fimbo, akarudi kwenye sufuria.

Domenti aliendelea. Alikuwa amefika nusu ya fimbo kisu kilipokwenda mbali kidogo tu, na uzi ukakatika, ukaanguka kwenye makaa, ukawaka mara moja na kuisha. Hakukumbuka mara ya mwisho uzi ulipokatika mkononi mwake. Alishusha pumzi, akajaribu chini zaidi. Wa pili ukakatika. Akakitazama kisu, makali yake yalikuwa sawa. Akautazama mkono wake.

Aliiegemeza fimbo ukutani jinsi ilivyokuwa, nusu yenye ndevu na nusu yenye gome. Kesho, baada ya zile safu mbili, mchana, mkono ukiwa umepumzika. Akakifuta kisu na kukikunja. Akavua viatu vyenye matope, akaviweka sambamba pembeni mwa mlango kama kila siku, akaenda kuingia.

Mlango ulikuwa wazi. Mwanga wa jikoni ulilala juu ya mbao za baraza hadi miguuni pake, na hapo akagundua kwamba amesimama. Alikuwa akingoja kuona ni mguu gani utakaotangulia. Katika nyumba hii, aliyoijenga na baba yake, alikuwa ameingia mara zisizohesabika bila kujiuliza. Aliitazama miguu yake: soksi mbili za sufu, zimelowa vidoleni, moja kando ya nyingine, hakuna iliyokuwa mbele.

"Ingia basi, unapoza nyumba," Ivlita alisema bila kugeuka. Domenti hakuingia. Ivlita akageuka.

Alimtazama hapo alipokuwa. Kisha akaitoa sufuria motoni, akafuta mikono yake kwenye aproni, akaja hadi mlangoni. Akasogea pembeni, mgongo ukigusa fremu, akamwachia nafasi yote, ya mguu wowote atakaoanza nao.